Shule ya parokia ikifunguliwa baada ya miezi tisa

Shule za Kenya zilifungwa katikati ya Machi 2020. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo wakarudi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine wote walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Ukihesabu vizuri, mtoto wa Gredi ya 2 alikaa zaidi ya miezi tisa bila kusikia kengele ya shule. Mengi yameandikwa kuhusu maamuzi ya Wizara ya Elimu na matamko ya Waziri wa wakati huo, hayati Profesa George Magoha. Ninachotaka kuweka hapa ni kazi yenyewe: nini hufanywa ndani ya shule ya msingi ya parokia inapofunguliwa upya, kwa vipimo gani, na wapi kazi hiyo huharibikia.

Nikisema shule ya parokia namaanisha ile ya umma ambayo mfadhili wake ni Kanisa Katoliki. Walimu wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, jina la mtakatifu liko langoni, na madawatini wamo Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Shule ya namna hii ina mambo mawili ambayo jirani zake wengi hawana: kanisa upande wa pili wa ua, na jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, zinazofika hadi mlangoni kwa mzazi. Kwa maoni yangu hayo mawili yana thamani kuliko vifaa vyote vilivyonunuliwa, nayo ndiyo yaliyosahaulika haraka zaidi.

Wala hili si la Korona peke yake. Mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei, na kuna madarasa ambamo familia zilizokimbia maji zilikuwa zimelala. Kufungua shule iliyofungwa ni kazi itakayorudi tena na tena.

Tuanze langoni, kwa sababu pesa nyingi ziliishia hapo. Chukua shule yenye watoto 600. Kusugua mikono vizuri kwa sabuni ni sekunde 20. Ongeza kulowesha, kusuuza na kumpisha mwenzake, mtoto mmoja anakaa kwenye mfereji kama sekunde 40. Ukiwa na mifereji 8 langoni, watoto 600 watamaliza kwa sekunde 3,000, yaani dakika 50. Katika dakika hizo 50 mamia ya watoto wamesimama bega kwa bega nje ya lango, barakoa zimeshushwa kidevuni, wanaongea na marafiki ambao hawajaonana tangu Machi. Mahali pa kunawia pamezaa msongamano ule ule uliokusudiwa kuzuiwa. Hesabu hii ya dakika ifanywe kabla ya kununua hata tangi moja.

Dawa yake ni kutawanya maji. Mtoto aingie moja kwa moja, aende nje ya darasa lake, anawie pale. Darasa la watoto 50 linaweza kutumia bomba moja la plastiki la inchi moja, lile la mita 6 linalouzwa kwa fundi wa mabomba. Litobolewe matundu 10 ya milimita 2, sentimita 60 kutoka tundu hadi tundu, kisha lifungwe kwenye nguzo kwa kimo cha kiuno cha mtoto. Mwalimu au kiranja anafungua koki, watoto kumi wanalowesha, anafunga, wanasugua, anafungua, wanasuuza. Zamu tano, dakika tano au sita, darasa zima limekwisha.

Bomba hili lina ugonjwa wake. Fundi mwenye haraka hutoboa kwa msumari wa moto, na tundu likawa la milimita 5. Hapo matundu matatu ya karibu na tangi hunywa maji yote na yale ya mwisho hudondosha tone tone. Tumia dirili. Toboa ubavuni kidogo, usitoboe chini kabisa, kwa kuwa tope hulala chini na kuziba. Na ile kofia ya mwisho wa bomba iwe ya kufungua kwa mkono. Ikigandishwa kwa gundi, hakuna namna ya kutoa mchanga baada ya wiki mbili, na bomba zima linaachwa kama pambo.

Kwa darasa lisilofikiwa na bomba, kibuyu chirizi kinatosha: jerikeni la lita 5 lililoning'inizwa kwenye fito, kamba kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyaga, ili mkono usiguse chochote isipokuwa sabuni. Jerikeni moja linatosha mikono ya watoto 40 hadi 50 ikiwa tundu ni dogo. Kamba ya katani hukatika kwa maji, ya nailoni hudumu. Sabuni ya mche ikiachwa wazi kunguru huibeba, hili watu wa pwani hawahitaji kuambiwa. Ni nafuu kuchanganya pakiti ya gramu 30 ya sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, kutoboa kizibo, na kuifunga chupa kwenye nguzo. Mtoto anaiminya mara moja, hakuna anayeiba maji ya sabuni.

Sasa swali ambalo bodi nyingi hulikwepa: maji yenyewe yatoka wapi? Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa shule ya kutwa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kunawa vikiwa ndani yake. Watoto 600 ni lita 3,000. Tangi la lita 10,000 lililojaa linakwisha siku ya nne asubuhi. Na kumbuka ufunguzi mkubwa ulikuwa Januari, wakati sehemu kubwa ya nchi ni kiangazi na mvua za masika bado miezi miwili au zaidi. Shule iliyotegemea maji ya paa ilikuwa na mifereji mipya inayong'aa na hewa tupu ndani. Kabla ya kuchapisha tarehe ya kurudi, mwalimu mkuu awe ameandikiana na mtu wa lori la maji, au na parokia kama ina kisima, siku gani na lita ngapi.

Tangi lililokaa miezi tisa halijazwi hivi hivi. Mtu aingie (wa pili asimame nje akimwangalia, tangi si mahali pa kuingia peke yako), asugue kuta, atoe tope lote. Tia maji hadi robo, mimina gramu 80 za klorini ya chengachenga ile kali kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi, kisha jaza hadi juu na uache saa 24. Tangi la lita 10,000 linataka gramu 800. Fungua kila mfereji hadi harufu ya klorini itoke, ndipo ufunge, ili na mabomba nayo yasafike. Maji hayo humwagwa yote; hayanywewi, hayapelekwi bustanini wala kwenye bwawa la samaki. Ndipo unapojaza maji ya kutumia.

Dawa ya kupangusia madawati ni kitu kingine na hapa makosa ni mengi. Kinachotakiwa ni klorini ya asilimia 0.1. Soma chupa: kama imeandikwa asilimia 3.5, gawa kwa 0.1 upate 35, maana yake fungu moja la dawa na mafungu 34 ya maji. Kwenye ndoo ya lita 20 hiyo ni kama mililita 570, chupa ya soda ya nusu lita iliyojaa pamoja na robo glasi. Ichanganywe asubuhi na imwagwe jioni, kwa sababu jua na joto huiua, na uchafu pia. Dawati lenye vumbi lipanguswe kwanza kwa maji ya sabuni. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo, hutoa hewa inayochoma mapafu ya msafishaji. Na wale waliojenga vibanda vya kuwanyunyizia watoto dawa wakipita langoni, nawaomba wasirudie. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kumnyunyizia mtu dawa hakufai katika hali yoyote. Hukwaruza macho na kifua, na virusi vilivyomo puani vinabaki pale pale.

Kile kipimajoto cha kulenga kwenye paji la uso nacho kina siri mbili. Mtoto aliyetembea kilomita tatu juani atasoma 38 akiwa mzima kabisa. Akae kivulini dakika kumi apimwe tena. Na kifaa kikisoma 32 au 33 kwa kila mtoto, huenda kimewekwa kwenye kipimo cha joto la vitu badala ya mwili. Mara nyingi kitufe cha kubadilisha kiko ubavuni. Zaidi ya hayo sitaongeza. Kipimajoto kilipewa heshima kuliko kazi kinachoweza kufanya.

Kilichohitaji heshima ni hewa.

Mwongozo wa usalama wa shule za Kenya wa mwaka 2008 unataka darasa la mita 7.5 kwa 6, nalo libebe watoto 30 wa dawati la mtu mmoja au 40 wa dawati la wawili. Toa mita mbili za mbele za mwalimu. Ukiweka watoto kwa mita moja na nusu kutoka katikati ya kiti hadi katikati ya kiti, zinaingia safu nne za watoto wanne: 16. Shule yenye watoto 55 kwa darasa ingehitaji vyumba vinne pale ilipo na kimoja. Havikuwepo. Madawati mapya yaliyoagizwa kwa mafundi wa jua kali yalisaidia mtoto kutobanwa watatu kwenye kiti cha wawili, lakini ukuta haukusogea. Kwa hiyo mtu aliyesema ukweli alijua kwamba umbali hautapatikana, na kwamba kilichobaki mkononi ni dirisha, kivuli cha mti na barakoa.

Dirisha lifunguliwe pande zote mbili. Mengi ya madirisha ya shule zetu yamepigwa mabati upande wa nyuma kwa kuogopa wezi, na matundu ya juu yamezibwa kwa maboksi kwa sababu ya vumbi au popo. Chumba cha aina hiyo kina dirisha upande mmoja tu, na hewa huingia hatua chache kisha hurudi ilikotoka, nyuma hapafiki kitu. Kuna kipimo ambacho parokia yoyote inacho tayari: ubani. Chetezo kibaki sakristia mahali pake. Kopo la maziwa lenye makaa mawili na chembe chache za ubani linatosha. Fanya siku ambayo watoto hawapo. Funga mlango, fungua madirisha kama yatakavyokuwa saa za masomo, weka kopo kwenye pembe ya nyuma mbali na mlango, keti kwenye dawati kwa kimo cha mtoto, na utazame. Moshi ukiinama na kuvutwa kuelekea dirishani, ukakatika haraka, chumba kinapumua. Ukipanda wima, ukafika darini, ukatandaza kama shuka, na baada ya kuhesabu polepole hadi mia bado unauona umening'inia juu ya madawati, basi ndivyo pumzi za watoto 50 zitakavyoning'inia. Ng'oa bati moja la nyuma, rudia. Mara nyingi bati moja hubadilisha chumba kizima, na badala yake unaweka wavu wa chuma kwa ajili ya mwizi. Rudia jaribio siku isiyo na upepo, kwa sababu siku ya upepo kila darasa hufaulu.

Chumba kisichotengenezeka kipewe darasa la watoto wachache, au kiwe stoo, na darasa lake lihamie chini ya mti. Ubao wa kubebeka, mikeka, na ratiba inayolifuata jua: kivuli cha saa tatu sicho cha saa sita.

Barakoa nitazipitia haraka. Tabaka tatu, mbili kwa kila mtoto ili moja ioshwe, jina lishonwe kwa uzi na lisiandikwe kwa kalamu ya wino. Mita moja ya kitambaa cha upana wa mita moja na nusu hutoa kama 12 za watoto, na akina mama wa parokia wakikaa na cherehani tatu hutoa za shule nzima kwa siku chache. Kosa kubwa lilikuwa kuzishona kwa kipimo cha watu wazima. Barakoa inayoteleza inaguswa kila dakika, heri isingekuwepo. Iliyoloa ibadilishwe, haichuji tena.

Na kabla ya yote haya, wiki tatu kabla, mtu apite na ufunguo darasa moja baada ya jingine. Nyigu kwenye kona ya dari, mchwa kwenye miguu ya kabati, mikojo ya panya juu ya vitabu, popo, na nyoka chini ya rundo la madawati mabovu. Kinyesi cha popo na panya hakifagiliwi kikavu. Kiloweshwe kwa ile dawa ya klorini kwanza, robo saa, ndipo kikusanywe, na msafishaji awe amefunika pua. Vyoo vikaguliwe sakafu zake kama hazijaoza. Kipimo cha Wizara ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Kama moja limeporomoka wakati wa kufungwa, foleni itaonekana siku ya kwanza wakati wa mapumziko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini: majina.

Siku ya kwanza kila shule hufurahi na kuhesabu waliokuja. Kazi iko kwa wasiokuja. Chukua rejista za muhula wa kwanza wa 2020, wiki ya mwisho kabla ya kufungwa, na uzinakili zote kwenye orodha moja. Kisha usizipange kwa darasa. Zipange kwa jumuiya, kwa sababu mwalimu wa darasa la tano anajua mtoto anaketi wapi, lakini mwenyekiti wa jumuiya anajua nyumba yao ilifungwa lini na mama alihamia kwa nani. Safu za orodha ni nne tu: yuko wapi, anaishi na nani, kinachomzuia, namba ya simu inayopatikana leo. Kila mwenyekiti apewe ukurasa wake baada ya ibada ya jumuiya, aurudishe kwa katekista, mwalimu wa dini wa parokia, ndani ya siku saba, na katekista aketi na mwalimu mkuu ukurasa kwa ukurasa.

Orodha hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, inawafikia Wakatoliki peke yao. Mtoto Mwislamu au wa Kipentekoste hana jumuiya, na jina lake linabaki bila mwenyewe. Agawiwe kwa jumuiya iliyo karibu na kwao, na anayekwenda aongozane na mzee wa nyumba kumi, ili mzazi asidhani amekuja kuhubiriwa. Ya pili, anayetembelea anabeba deni. Mtu akibisha hodi akiwa na orodha ya waliokosa mtihani mkononi na salio la pesa za chakula mdomoni, atajibiwa kwamba mtoto ameenda kwa shangazi, na hatajua zaidi. Swali la kwanza liwe: mmeishije?

Majibu yanayorudi yana sura zake. Kuna mtoto aliyepelekwa mashambani kwa nyanya kwa sababu kodi ya nyumba ilishindikana. Huyu anaweza kusoma huko, anahitaji tu barua na uhamisho. Kuna mvulana wa darasa la saba aliyezoea kupata mia mbili kwa siku kwenye mchanga au machimboni, na kurudi kwake kunataka mtu mzima wa kiume wa kuketi naye na baba yake, mara kadhaa, si mara moja. Kuna yule ambaye shule yake ya binafsi ilifungwa moja kwa moja, akaja kwenu, na namba yake kwenye mfumo wa Wizara wa kusajili wanafunzi (wakati huo NEMIS) bado imeshikwa na shule isiyokuwepo. Apokewe darasani siku hiyo hiyo, mambo ya mfumo yafuatiliwe na afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Hasara ya kuchelewa ni ya shule pia: kapitesheni ya elimu ya msingi, yaani pesa ambazo serikali huitumia shule kwa kila mtoto, ilikuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na mtoto asiyeonekana kwenye mfumo haji na pesa yake. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie ofisi ya parokia. Kadi ya ubatizo ni moja ya vielelezo vinavyosaidia kwenye usajili wa kuchelewa, na daftari la ubatizo halikupotea hata kama kadi imepotea nyumbani.

Na kuna msichana mjamzito, au aliyejifungua. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 kuhusu kurejea shuleni unampa haki ya kurudi, na mfadhili kuwa Kanisa hakumpunguzii haki hiyo hata kidogo. Naliandika hili kwa nguvu kwa kuwa nidhamu ya shule zetu imezoea kuanza na kamati. Yeye asipite kwenye kamati. Apokewe na mwalimu mmoja wa kike au sista, faraghani, aulizwe mambo ya kawaida: nani atabaki na mtoto, ananyonyesha saa ngapi, kliniki ni siku gani, anaogopa nini. Wenzake wasihutubiwe kuhusu yeye kwenye paredi, wala asitajwe kwenye mahubiri ya Misa ya shule. Apewe ruhusa ya maandishi ya kutoka kunyonyesha, ili mlinzi wa lango asimsimamishe kila siku kumhoji.

Sala nayo ilibidi ijifunze upya kutembea. Makanisa yalipofunguliwa tarehe 14 Julai 2020, chini ya masharti ya Baraza la Madhehebu lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, waumini walikuwa wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 wabaki nyumbani. Maana yake watoto wengi wa shule ya msingi waliambiwa wazi kwamba kanisani si mahali pao kwa sasa. Wa Gredi ya 4 waliporudi tarehe 12 Oktoba, mwezi wa Rozari, wengi walikuwa hawajasali na watu wa nje ya nyumba yao tangu Kwaresima. Nadhani hatukuwasikiliza vya kutosha kuhusu hilo.

Kwa vitendo: sala ya asubuhi darasani mwao, si paredi ya shule nzima. Misa uwanjani, gredi mbili kwa wiki kwa zamu, altare ikiwa upande wa kivuli na watoto wakitazama mbali na jua. Komunyo mkononi, na padre atakase mikono mbele ya watoto waone. Amani kwa kuinamiana. Vyombo vya maji ya baraka mlangoni vikauke kabisa. Baraka itolewe kwa kunyunyiza. Kuimba hutoa matone mengi kuliko kusema, kwa hiyo kwaya iimbe nje, kila mmoja na karatasi yake. Jumatano ya Majivu ya tarehe 17 Februari 2021 watoto waliwekewa majivu kwa kunyunyiziwa utosini: waraka wa Vatikani wa tarehe 12 Januari mwaka huo uliagiza padre aseme maneno mara moja kwa wote, kisha anyunyize kimya. Mtoto aliyetarajia msalaba pajini aelezwe mapema, la sivyo anarudi kwenye mstari akidhani amerukwa.

Jambo moja dogo lililo na faida kubwa ni kengele ya saa sita, ya Malaika wa Bwana. Shule ina kengele hiyo tayari, kila mtoto anaijua. Unganisha nayo kunawa: kengele, sala, mikono, ndipo chakula. Ratiba iliyobandikwa ukutani husahaulika wiki ya tatu. Kengele haisahauliki. Watoto wasio Wakatoliki wasimame kimya kisha wanawe pamoja na wenzao.

Wiki ya pili au ya tatu, darasa lisome majina ya waliofiwa. Mwalimu aulize mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, nani alimpoteza mtu wakati shule imefungwa, kwa ugonjwa wowote. Mazishi mengi yalikuwa ya haraka na ya watu wachache, na mtoto hakupelekwa. Misa moja kwa ajili ya marehemu hao, majina yakisomwa, inampa mahali pa kulilia.

Masomo yenyewe yaanze chini kuliko syllabasi inavyodai. Siku tano za mwanzo, mpime kila mtoto kusoma kwa dakika moja: aya fupi ya gredi aliyotoka, siyo anayoingia. Akikwama, mpe sentensi, akikwama, maneno, akikwama, herufi. Watu wawili wanamaliza darasa la 50 kwa asubuhi mbili. Kisha kila siku, saa moja, watoto wa gredi tatu zinazofuatana wachanganywe kwa kiwango cha kusoma na si kwa umri. Mwalimu atakayeng'ang'ania kufidia mada zote ataandika ubao mzima na kufundisha safu ya mbele peke yake, na kalenda ile iliyobanwa, ambayo haikurudi kawaida hadi Januari 2023, iliwasukuma wengi huko. Gredi ya 1 hadi ya 3 mikono yao imesahau penseli. Wiki mbili za kuchora mistari na kukata karatasi si mchezo, ni kazi.

Nimebakiza sare. Miezi tisa ni kimo cha sentimita kadhaa, na viatu vya Machi havimwingii mtoto Januari. Wazazi wengi wasiomleta mtoto siku ya kwanza wanaona aibu ya sketi iliyopanda juu ya goti, na hawatakwambia. Wiki mbili kabla ya kufungua, ukumbi wa parokia uwe na meza ndefu: lete iliyokupungua, chukua inayokutosha, bila kuandikwa jina. Zianze kupangwa kwa namba, sweta 26 hadi 34, na pawe na mtu wa kushona vifungo. Zitakazobaki ziwekwe kwenye sanduku kwa ajili ya wanaochelewa, maana wapo watakaokuja wiki ya tano na ya sita, mmoja mmoja. Sanduku hilo likae kwa mwalimu wa zamu, lisifungiwe stoo, kwa sababu mtoto wa namna hiyo huletwa saa moja kasorobo, mzazi akiwahi kibarua, na mwenye ufunguo wa stoo bado yuko njiani.